Waache Wanyonye Kwanza

Watu wa mtaa walimwita Bibi Vipimo. Alikuwa fundi wa cherehani, na sifa yake ilikuwa jicho. Mteja akiingia tu, Bibi alimtazama mara moja kutoka mabegani hadi miguuni, kisha akasema, "Wewe mita mbili na nusu. Ukitaka mikono mirefu, ongeza nusu." Futi kamba ilikaa shingoni mwake kama mkufu. Nguo zilikaa vizuri, kwa hiyo hakuna aliyebishana naye.

Nyumba yake ilikuwa ndogo. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani, meza ya kukatia na kioo kirefu. Nyuma kulikuwa na chumba cha kulala, jiko na ua. Kila kitu kilikuwa safi na mahali pake. Tatizo lilikuwa kimya.

Kimya hicho kilianza siku Kijiko alipoondoka. Kijiko ni mjukuu wake. Alipata jina hilo utotoni, kwa kuzunguka nyumba nzima na kijiko mkononi akionja kila sufuria. Bibi alimlea tangu alipoacha kunyonya hadi akafika darasa la pili. Miaka yote hiyo mama yake alikuwa mji mwingine, akihangaika na vibarua, leo hapa kesho pale. Kisha akapata kazi ya kudumu katika kiwanda cha sabuni, na vyumba viwili vya kupanga. Alikuja asubuhi, akafungasha nguo za mtoto, na kabla ya chakula cha mchana wakawa wamekwenda zao.

Ilikuwa haki yake. Bibi alilijua hilo. Alitabasamu mpaka basi likapinda kona, kisha akarudi ndani, akaketi mbele ya cherehani na kushika tama hadi giza likaingia.

Tangu hapo alimkumbuka mtoto katika mambo madogo. Vifungo vilianguka sakafuni, na hakuna aliyeviokota. Wali ulibaki, kwa kuwa mkono wake haukuweza kupika wa mtu mmoja. Na mteja akija na mtoto wa kimo cha Kijiko, hapo tu Bibi aliivua futi kamba shingoni. Alimpima mtoto yule polepole, bega hili, bega lile, halafu akarudia. Wateja waliona, wakasubiri.

Kijiko aliacha sungura mmoja uani, jike kubwa jeupe, jina lake Pamba. Bibi alikuwa amempeleka kwa dume la fundi baiskeli siku chache kabla ya mtoto kuondoka. Mwezi ulipopita, Pamba akajing'oa manyoya ya kifuani, akatandika kiota, akazaa watoto watano.

Jumapili moja simu ililia. Alikuwa binti yake.

"Mama, huyu mtoto wako atanitia wazimu. Anakula vijiko viwili, anaacha. Analala analia. Nikimuuliza ananiambia anakutaka wewe."

Bibi alisikia raha moyoni. Raha ya wazi kabisa, ya mtu aliyeambiwa kwamba hajasahauliwa. Kisha akaona haya, maana mtoto alikuwa hataki kula.

"Nipe niongee naye," alisema.

Kijiko akasema, "Bibi, eti Pamba amezaa?"

"Amezaa watano, mwanangu."

"Nataka wawili. Nikiwa nao sitalia."

"Utawapata," Bibi alijibu. Hakufikiri hata kidogo.

Binti akachukua simu. "Jumamosi lori la kiwanda linaleta mzigo huko. Nitakuja nalo na kugeuza nalo. Niandalie hao sungura, mama. Labda tutalala usingizi."

Kesho yake asubuhi Bibi alikwenda uani. Aliinama mbele ya banda na kuwatazama watoto wa Pamba kwa lile jicho lake. Manyoya yalikuwa yamejaa. Macho yalikuwa wazi, masikio yamesimama. Mmoja wa kijivu alikuwa akitafuna ncha ya jani. Pamba alikuwa kona ya mbali, amewapa mgongo.

"Hawa wamekamilika," Bibi alisema. "Na wewe, mama mtu, naona umewachoka. Mchana kutwa huwanyonyeshi."

Akamtoa yule wa kijivu na mwenzake wa kahawia. Akawaweka kwenye katoni chini ya meza ya kukatia. Alitaka wazoee kukaa mbali na mama yao kabla ya safari. Akawapa kabichi tele, na maziwa ya ng'ombe kwenye kisahani. Hakuwa na mkono wa birika, hasa kwa wageni wa Kijiko. Siku hiyo alishona huku akiimba.

Siku ya pili yule wa kijivu alijikunja. Hakugusa kabichi. Siku ya tatu asubuhi alikuwa anahara, tumbo limevimba, masikio yamepoa. Bibi alimfunga kwa kipande cha flana na kutoka mbio bila kufunga mlango.

Mwisho wa mtaa palikuwa na duka la dawa za mifugo. Mwenye duka alikuwa dada mmoja aliyesomea kazi hiyo. Watu walimwita Dokta wa Mbuzi, kwa sababu mgonjwa wake wa kwanza pale mtaani alikuwa mbuzi aliyemeza soksi. Soksi ilitoka, na jina likabaki.

"Shikamoo, bibi. Mbona unahema hivyo?"

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie huyu."

Dokta alifungua kile kitambaa. Akamgusa sungura tumboni na masikioni. Uso wake ukabadilika.

"Ana umri gani?"

"Alizaliwa siku niliyopeleka sare za shule."

"Sare nilizomchukulia mwanangu? Basi ana wiki nne tu. Na bado ananyonya?"

"Nimemtoa juzi."

Dokta alitafuta chupa ya maji, akaijaza maji ya moto, akaizungushia taulo na kumlaza sungura juu yake. Alijaribu kumdondoshea maji kidogo mdomoni. Bibi alisimama pale, mikono imeshikana, roho juu. Hazikupita dakika nyingi. Yule mdogo alinyoosha miguu mara moja, akatulia.

Bibi aliketi kwenye gunia la chakula cha kuku.

"Ni mimi," alisema.

"Ni haraka, bibi. Haraka imeua wengi kabla ya huyu."

"Lakini alikuwa na manyoya. Macho yamefunguka. Anatafuna majani kabisa, nimemwona mwenyewe."

"Mtoto wa mwaka mmoja naye ana meno. Utampeleka akatafute kazi?"

Bibi alitaka kucheka, akashindwa. Dokta akavuta kigoda na kukaa karibu naye.

"Nisikilize. Sungura akifika wiki tatu anaanza kuonja majani. Anaonja tu. Chakula chake hasa bado ni maziwa ya mama yake, na maziwa hayo yanalinda tumbo lake lisiingiwe na magonjwa. Tumbo linajifunza kazi mpya polepole. Sasa wewe umemtoa siku moja, ukamwondolea maziwa, ukampa kabichi nyingi, ukampa maziwa ya ng'ombe ambayo si yake. Tumbo likachafuka. Na mtoto wa sungura akishaanza kuhara, hana muda. Siku ukiona hivyo, mlete saa hiyo hiyo, usingoje kesho."

"Kwa hiyo nilipaswa kungoja mpaka lini?"

"Kuacha kunyonya, angalau wiki sita. Saba ni vizuri zaidi. Kuhamia nyumba nyingine, wiki nane. Ukikosea, kosea kwa kuchelewa."

"Na mama yao je? Amewakataa. Mchana kutwa simwoni akiwanyonyesha."

"Umemtazama alfajiri?"

"Alfajiri nimelala, kama mtu yeyote mwenye akili."

Dokta alitabasamu. "Sungura si mbuzi, bibi. Ananyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache, alfajiri au magharibi. Halafu anakaa mbali. Ndivyo walivyo tangu porini, ili adui asijue watoto wamelala wapi. Kukaa kwake mbali si kuwakataa. Ndiyo namna yake ya kuwalinda."

Bibi aliinuka kwenye gunia. "Kuna mwingine nyumbani," alisema. "Wa kahawia."

Walikwenda pamoja. Wa kahawia alikuwa mchangamfu bado. Dokta alisema arudi kwa mama yake mara moja, kwa kuwa siku zenyewe zilikuwa chache na maziwa yapo. Bibi alimsugua kwa nyasi za kiota ili arudishe harufu ya nyumbani, akamweka katikati ya ndugu zake. Pamba alikuja, akamnusa, akaendelea kula. Yule wa kijivu Bibi alimzika nyuma ya banda.

Alfajiri iliyofuata aliamka kabla ya majogoo. Aliketi uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejifunika shuka, akisubiri. Kulipoanza kupambazuka, Pamba akatoka konani mwake. Alisimama tu katikati ya banda. Watoto wote wanne wakamkimbilia, wakaingia chini ya tumbo lake, wamelala chali, miguu juu. Wa kahawia alikuwa miongoni mwao. Walinyonya kwa nguvu, bila kelele. Muda mfupi baadaye Pamba aliruka pembeni na kuwapa mgongo, kana kwamba hawajui.

Bibi alilia pale kwenye ndoo. Alimlilia wa kijivu. Alimlilia Kijiko pia. Na kwa mara ya kwanza alimfikiria binti yake, aliyekaa mbali miaka yote ile akituma sabuni na viatu vya shule, huku watu wa mtaa wakisema amemtelekeza mtoto. Bibi hakusema hivyo kamwe. Lakini hakuwahi kuwabishia.

Jumamosi binti alifika, ameshika katoni tupu, nguo zikinukia sabuni ya kiwandani.

"Shikamoo, mama. Dereva ananipa nusu saa. Wako wapi?"

"Marahaba. Hawaendi."

"Unasemaje?"

"Bado wananyonya. Nilitoa wawili mapema. Mmoja amekufa, na nimemuua mimi."

Binti aliweka katoni chini. "Mama, mtoto amekaa dirishani tangu asubuhi. Nitamwambia nini?"

"Mwambie ukweli. Au nitamwambia mwenyewe." Bibi alimvutia kiti. "Hebu kaa kwanza, kuna jambo. Nimefundishwa kwamba sungura akihamishwa, habadilishiwi vitu vyote kwa mpigo. Anawekwa pamoja na ndugu yake, na chakula alichozoea, na nyasi za kiota chake. Sisi tulimbadilishia Kijiko kila kitu kwa siku moja. Nyumba, shule, kitanda, na mtu wa kumwamsha."

"Unanifananisha na sungura, mama?"

"Wewe? Wewe hata masikio ya kusikia huna."

Wote wawili wakacheka, ingawa kicheko hakikufika mbali. Binti aliketi kwenye kiti cha wateja. Alitazama sakafu.

"Ningeweza kungoja likizo," alisema. "Wenzangu kiwandani waliniambia. Lakini mama, miaka yote nimemsikia kwenye simu tu. Alipong'oka jino la kwanza nilisikia. Alipoanza shule nilisikia. Siku nilipopewa ufunguo wa vile vyumba, sikuweza kungoja hata wiki moja."

Bibi alimwelewa vizuri mno. Aliingia chumbani, akarudi na blanketi la bluu lenye pindo lililochakaa. Lilikuwa la Kijiko. Siku ya kufungasha Bibi alilificha chini ya mto wake, na kila usiku alilala nalo.

"Hili mpelekee leo," alisema. "Analitafuta usiku, najua. Na likizo ikifika mlete hapa. Atawaachisha sungura kunyonya yeye mwenyewe, na wakifika umri wataondoka pamoja."

Walimpigia Kijiko kwa simu ya jirani aliyebaki naye, kabla lori halijapiga honi. Bibi alimweleza yote, hata kuhusu wa kijivu.

"Alikuwa na pua nyeupe?" Kijiko aliuliza.

"Alikuwa nayo."

"Bibi, usiwatoe wengine. Nitangoja."

Likizo ilipofika, Kijiko alishuka kwenye basi, mwembamba, mrefu kidogo kuliko alivyoondoka. Bibi alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba hapati hewa. Watoto wa Pamba walikuwa wamepita wiki sita. Dokta wa Mbuzi alikuja uani na kopo la punje za chakula cha sungura.

"Leo tunaachisha," alisema. "Nani anatoka bandani?"

"Watoto," Kijiko alijibu.

"Hapana. Mama ndiye anatoka. Watoto wanabaki pale pale walipozoea, pamoja. Tumewaondolea maziwa, basi. Nyumba ileile, chakula kilekile. Nyasi kavu ziwepo muda wote, na maji safi. Punje kidogo. Majani mabichi kiganja kimoja tu, tena waliyokwisha kuyazoea. Kabichi waachieni wenye matumbo makubwa kama mimi."

Bibi alimshika Pamba kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya miguu ya nyuma, akamhamishia kwenye tundu alilotengeneza fundi baiskeli. Pamba alizunguka humo, akanusa kila pembe. Kijiko alipiga magoti mbele yake.

"Bibi, atawatafuta?"

"Atawatafuta."

"Mpaka lini?"

Bibi aliona kwamba mtoto hamtazami Pamba tena. Anamtazama yeye.

"Siku za kwanza zitakuwa mbaya," alisema. "Halafu ataanza kula. Lakini akiwasikia, masikio yatasimama."

Siku zote za likizo Kijiko alilisha, alifagia banda na kuchunguza mavi kila asubuhi kama alivyofundishwa, yawe makavu na ya mviringo. Alikula pia, tena mara mbili mbili. Wale wanne walinenepa. Hakuna aliyehara. Wiki nane zilipotimia, Dokta aliwapindua mmoja mmoja na kuwatazama. Majike mawili, mojawapo likiwa yule wa kahawia, yakawa ya Kijiko. Madume mawili yakabaki, na Dokta akaonya yasirudishwe kwa mama yao, maana yakifika miezi mitatu hayajui undugu. Fundi baiskeli akachukua moja, mwenye duka la mkate akachukua jingine. Naye Pamba, alisema Dokta, apumzike na kunenepa kabla ya kupelekwa tena kwa dume.

Katoni ya safari ilitobolewa matundu. Ndani walitandika nyasi kutoka bandani, zile zile, pamoja na mfuko wa punje walizozoea. Binti alikuja kuwachukua asubuhi na mapema kabla ya jua kali. Safari hii hakuna aliyekimbizana na saa. Walikunywa chai wote watatu. Kijiko alipanda basi na katoni mapajani, akapunga mkono mpaka kona. Bibi hakujilazimisha kutabasamu.

Jumapili simu ililia.

"Bibi, wanakula," Kijiko alisema. "Wamelala wamebanana. Nimewapa nyasi zetu kwanza, halafu nachanganya na za huku kidogo kidogo. Mama amenisaidia kutengeneza banda. Amejigonga kidole na nyundo, akasema neno siwezi kukuambia. Na kuna msichana anakaa mlango wa pili, anataka mmoja wakija kuzaa, nimemwambia atangoja wiki nane, nisimwone kabla. Bibi?"

"Naam, mwanangu."

"Yuko nje ananiita. Nitakupigia siku nyingine, sawa?"

"Sawa."

Simu ikakatika. Mtoto hakulia. Hakuuliza atarudi lini. Bibi Vipimo alikaa na simu mkononi, na alichokuwa amekiombea kwa miezi yote ile kilikuwa kimetimia, na kilimuuma kuliko alivyotarajia. Alijifuta macho kwa kipande cha flana. Kisha akatoka uani kumpa Pamba maji.